Namba ya Ndugu wa Karibu

Jumanne, saa kumi na moja na nusu jioni. Mvua ya leo haikuwa na adabu. Imeanza adhuhuri, ikakatika, ikaanza tena, na sasa yamebaki manyunyu ya kuwasumbua wanaokunja meza zao mtaani. Niko dirishani, ghorofa ya nne, na kikombe cha chai ya tangawizi ambacho nimekiacha mpaka kimepoa. Chini wapagazi wanakokota mabelo yaliyofunikwa maturubai, wanatukanana kwa furaha. Huku juu kimya.

Leo nimeongea na muuguzi kwenye simu nikijifanya dada yangu.

Sina dada.

Nianze mwanzo, maana kila nikijisimulia kichwani naona aibu kabla sijafika katikati. Wasomaji wa blogu hii mnafahamiana kwa majina, mlikuja kwa ajili ya lesi na vifungo na namna ya kutia zipu isiyoonekana. Mko kumi na moja, na wawili kati yenu nadhani ni mimi, kwa simu zangu mbili. Kwa hiyo leo nasema wazi, kama mtu anayeongea chumbani kwake.

Moyo wangu ulianza vituko mwaka jana, miezi michache baada ya mama kufariki. Nilikuwa dukani nampimia mteja lesi. Kifuani kitu kikaruka, kikatulia, halafu kikaanza kwenda mbio bila mpangilio. Hazikuwa mbio za mtu aliyepanda ngazi. Hizo nazijua, napanda ghorofa nne kila siku ya Mungu. Hizi zilikuwa mbio za kujikwaa, mara upesi, mara kimya, mara upesi tena, mpaka nikashika meza. Mteja akaniuliza kama nimesahau mita ngapi. Nikamwambia hapana, nikakata, nikamfungia, akaenda zake. Dakika kama kumi hivi, ikaisha yenyewe.

Sikumwambia mtu. Ningemwambia nani? Mzee Kanti mwenye duka alikuwa anabishana na mtu wa cherehani. Yeye ni Mhindu wa hapa hapa Kariakoo. Duka alilifungua baba yake, na yeye mwenyewe amezaliwa kile chumba cha nyuma ambacho leo tunaweka zipu na uzi. Nimefanya kazi kwake miaka kumi na tisa. Ni mtu mwema na ana kelele, na akijua unaumwa atakupa dawa sita za kuchemsha kabla ya saa nne. Nikanyamaza.

Ikaja mara ya pili, ya tatu. Mara ya nne ilinikuta kwenye ngazi, ghorofa ya tatu, na mfuko wa sukari mkononi. Macho yakaingia giza. Nilipopata fahamu nilikuwa nimekaa chini, mgongo kwenye maboksi ya viatu, sukari imemwagika hadi ghorofa ya pili. Mpagazi mmoja alikuwa ameniinamia.

"Mama vipi, uko sawa kweli?"

"Salama tu. Napumzika."

Akanitazama, akaitazama sukari, akabeba mzigo wake akaenda. Simlaumu. Nilijibu vizuri.

Lazima nieleze hili jengo. Hapa palikuwa na nyumba ya babu yangu, nyumba ya Kiswahili yenye ukumbi katikati na vyumba sita, na uani mti wa mlimao. Warithi walipogombana, nyumba ikachukuliwa na mjenzi, akapandisha ghorofa, na mama akapewa sehemu yake huku juu, vyumba viwili na jiko. Wakati ule tulikuwa na majirani. Ghorofa ya pili palikuwa na familia ya watoto watano wasiojua kutembea bila kukimbia. Kisha kodi ikapanda, stoo zikalipa kuliko watu, na mmoja mmoja wakahamia Buguruni, wengine Mbagala. Sasa jengo zima ni viatu, vitenge na vyombo vya plastiki. Mchana huwezi kupita kwa watu. Wenye stoo wakishafunga kufuli zao jioni, anayebaki humu ndani ni mimi na mlinzi wa chini, naye ana redio.

Baada ya kuanguka ndipo nikaenda hospitali. Daktari ni binti, umri wa kumzaa kabisa, ana sauti ya chini na hana haraka. Alinilaza, nikabandikwa vidude kifuani, mikononi na miguuni, mashine ikatoa karatasi yenye milima midogo midogo. Milima yote sawa. Moyo wangu ulitulia kama mtoto aliyeambiwa wageni wameingia. Nilikaribia kumwomba radhi binti wa watu kwa kumpotezea muda.

Yeye hakushangaa. Aliniambia karatasi ile inaona sekunde chache tu za moyo, na kama shida haiji katika sekunde hizo, karatasi haina la kusema. Akanitoa damu, ikiwemo ya kupima tezi ya shingo, maana nayo ikizidisha kazi huusukuma moyo. Akanipeleka altrasaundi ya moyo, nikauona wenyewe kwenye kioo unafungua na kufunga milango yake. Halafu akageuza bahasha, akanichorea vyumba vinne, viwili juu, viwili chini. Akasema huenda, hajasema ndivyo, huenda vile vya juu kuna wakati vinatetemeka badala ya kudunda kwa pamoja. Vikitetemeka, damu inazubaa mle ndani. Damu ikizubaa inaweza kuganda. Donge likichomoka likapanda kichwani, ni kiharusi.

"Dawa ya kuzuia damu isigande ipo, mama," akasema. "Lakini siwezi kukuanzishia kwa kubahatisha. Lazima tuikamate hiyo shida ikitokea."

Mimi nilikuwa bado niko kwenye lile neno, kiharusi.

Ili kumkamata mwizi wangu, nikapewa mashine ndogo ya kuvaa siku nzima, mchana na usiku. Ina ukubwa wa paketi ya majani ya chai, inaning'inia shingoni, na nyaya zake zinabandikwa kifuani. Inaandika kila pigo. Masharti yake: usioge, usiivue, uishi kama unavyoishi siku zote. Na pamoja nayo kuna kijitabu chenye safu tatu, Saa, Unafanya nini, Unajisikiaje. Muuguzi alinieleza taratibu, kidole juu ya karatasi. Ukisikia moyo unakimbia, andika saa hiyo hiyo, andika ulikuwa unafanya nini. Mashine inajua moyo umefanya nini, ila haijui wewe umesikia nini. Daktari anavilinganisha viwili hivyo.

Kabla ya kunibandika, akanipa fomu. Jina, umri, mtaa, simu. Nikaandika. Chini kabisa: Ndugu wa karibu. Jina, uhusiano, namba ya simu.

Kalamu ikasimama.

Zuhura, mwanangu, yuko Mwanza na mtoto wa miezi minne anayenyonya. Akipigiwa na hospitali atapanda basi usiku ule ule na kichanga mgongoni, na mimi nitajichukia. Baba yake tuliachana zamani, ana nyumba yake na amani yake. Wajomba zangu tuliachana kwenye mgao wa nyumba, hatujasalimiana tangu lile shauri liishe. Marafiki ninao, wa "tutaonana basi, inshallah." Mama ningemwandika bila kufikiri. Namba yake nilikuwa ninaijua kwa kichwa, na bado ninaijua.

Nyuma yangu foleni ilikuwa ndefu. Muuguzi akagongagonga meza kwa kucha, siyo kwa ubaya. Nikaandika: Mwanaisha. Dada. Na namba ya laini yangu ya pili.

Ile laini iko kwenye kitochi, kile kisimu kidogo cha dukani cha kutumiwa pesa na wateja, kinachokaa kwenye droo pamoja na mikasi. Nilijiambia hawatapiga, huwa hawapigi. Nikavaa baibui juu ya nyaya zangu nikarudi kazini, na hakuna aliyejua nina mashine. Mzee Kanti alisema tu kwamba leo natembea kama bibi harusi.

Sasa hapa ndipo penyewe.

Siku ile moyo ulikimbia mara mbili. Mara ya kwanza saa nane mchana, niko juu ya kigoda natafuta vifungo vya lulu. Mara ya pili jioni, nimekaa kwenye kiti hiki hiki, nakula wali na mchicha, sifanyi lolote la kumsumbua mtu. Ile ya jioni ilikuwa mbaya. Nilisikia kila kitu kimepotea njia mle ndani. Niliweka kijiko chini, nikakishika kile kimashine kwa mikono miwili, nikakiambia "haya, andika," kama vile tuko wawili.

Halafu nikachukua kijitabu. Saa: nikaandika saa. Unafanya nini: nakula. Unajisikiaje: Salama.

Mstari wa saa nane, Salama. Mstari wa asubuhi, Salama. Nimekijaza chote. Sikukusudia kumdanganya daktari, nataka hilo lieleweke. Niliulizwa najisikiaje, na mkono ukajibu wenyewe. Ndivyo tulivyolelewa. Mtu akikuuliza habari, ni nzuri. Umeamkaje, salama. Hata ukiwa na maiti ndani utasema nzuri kwanza, halafu ndiyo unaongeza "ila tumefiwa." Mimi huwa nasahau ile "ila."

Kesho yake muuguzi alipokuwa ananibandua nyaya akakipitia kijitabu, akainua nyusi. Akauliza, hakuna ulichosikia kabisa? Nikasema hakuna. Hiyo sasa haikuwa mkono. Hiyo ilikuwa mimi. Niliona aibu kufuta mbele yake, kama mwanafunzi aliyekamatwa. Na nilikuwa na woga mwingine ambao sikuupa jina mpaka leo.

Mama alikufa kwa kiharusi, humu ndani.

Asubuhi ile nilisimama mlangoni pa chumba chake, mkoba begani, nimechelewa. Nikasema, "Shikamoo mama, umeamkaje?" Akajibu, "Salama, mwanangu." Ulimi ulikuwa mzito. Niliusikia. Nikajiambia ni usingizi. Nikafunga mlango nikashuka. Saa sita nilirudi kwa sababu nilisahau funguo za kabati la dukani, nikamkuta sakafuni, jicho moja linanitazama, upande mmoja wa uso umeshuka. Alikaa hospitali siku tatu.

Nililichukua lile jibu kwa sababu lilinifaa. Nilikuwa nimechelewa kazini.

Sijawahi kuliandika hilo popote. Zuhura hajui. Anajua nilimkuta bibi yake ameanguka, hajui kwamba nilimsikia asubuhi.

Basi tangu wiki iliyopita niliporudisha mashine, simu yangu kubwa imekuwa ikiita kwa namba ngeni. Ijumaa mara mbili, Jumatatu mara tatu. Mimi huwa sipokei namba ngeni, hivyo ndivyo ninavyowaambia watu. Kweli ni kwamba nilijua ni nani. Niliigeuza kifudifudi mezani, ikatetemeka mpaka ikachoka.

Leo saa nne asubuhi, kabla ya mvua, droo ikaanza kuita.

Nikafikiri ni mteja anatuma pesa. Nikakitoa kitochi chini ya mikasi.

"Habari za asubuhi, samahani. Naongea na ndugu yake Bi Mwanaidi?"

Ningeweza kusema ni mimi mwenyewe. Sekunde mbili tu zilihitajika.

"Ndiyo."

"Wewe ni Mwanaisha, dada yake?"

"Ndiyo, ni mimi Mwanaisha, dada yake."

"Dada, tunamtafuta toka wiki iliyopita hapokei simu. Majibu ya kile kipimo yametoka. Daktari anataka kumwona kesho saa tatu, asikose. Na asije peke yake, njoo naye wewe, maana kuna mambo ataelezwa na atahitaji mtu wa kumsaidia kukumbuka. Umenielewa?"

"Nimekuelewa."

"Yeye lakini anaendeleaje?"

Nikasikia mdomo wangu mwenyewe. "Salama."

"Haya. Mwambie tunampa pole, asiogope. Aje tu."

Nilisema nitamwambia. Nikakizima, nikakirudisha chini ya mikasi, nikafunga droo. Yule muuguzi alikuwa ametafuta mtu wa kunishika mkono, amempigia, amempata, amempa ujumbe kwa upole wote. Na mtu mwenyewe alikuwa mimi, nimesimama peke yangu katikati ya vifungo.

Nilipogeuka, Mzee Kanti alikuwa nyuma ya kaunta na udi wake mkononi, ule anaowasha kila asubuhi mbele ya picha za wazee wake. Udi ulikuwa umeungua hadi karibu na vidole. Mvua ikaja, wateja wakajazana ndani kujikinga, wakapima vitambaa wasivyonunua, siku ikaenda. Nikadhani hakusikia.

Saa kumi akawaambia wateja wa mvua waende, duka linafungwa mapema. Akabaki anakunja mita yake ya nguo, polepole, anaikunjua, anaikunja tena.

"Mwanaidi, habari yako?"

"Salama, mzee."

"Sikukuamkia. Nimekuuliza."

Nikajifanya napanga vifungo.

"Miaka kumi na tisa uko humu," akasema. "Harusi ya mwanao nilikuja, msiba wa mama yako nilikuja. Huyo Mwanaisha alikuwa wapi?"

Nilicheka. Halafu nikawa silii na sicheki, kitu cha katikati kisicho na jina, nikakaa juu ya mafurushi ya pamba. Na nikamwambia. Yote, lesi, sukari, mashine, kijitabu, laini ya pili. Nilimwambia mpaka la mama. Katikati ya maneno moyo nao ukaanza kurukaruka mle ndani, na kwa mara ya kwanza nikamwambia mtu wakati ule ule unapotokea. "Sasa hivi, mzee. Sasa hivi unakimbia." Akavuta kigoda akakaa mbele yangu, akatazama saa ya ukutani, akachukua kalamu, akaandika saa ile nyuma ya boksi la zipu. Kisha akasubiri nami mpaka ulipotulia, akaandika tena.

Nilikuwa sijui kwamba na yeye ana lake la moyo. Miaka yote najua Mzee Kanti huwa anapotea asubuhi moja kila baada ya miezi, anasema anaenda Posta kwenye mambo ya benki. Leo amefungua kifungo cha shati akanionyesha, chini ya bega la kushoto, uvimbe mdogo kama sabuni ya kipande. Betri ya moyo. Moyo wake ulikuwa unasahau kudunda, kinyume cha wangu. Huwa anaenda kusomwa, wanaweka kitu juu ya ngozi, wanajua yaliyompata tangu mara ya mwisho, kama mtu wa umeme anavyosoma mita.

"Unaenda na nani?" nikamuuliza.

Akafunga kifungo. "Naenda Posta," akasema.

Tukatazamana. Nimefanya kazi na mtu huyu tangu Zuhura anavaa sare za shule, tumekula maandazi ya sahani moja, na kila mmoja amekuwa akienda kwa daktari wake kwa kujificha.

Halafu akasema kesho tunafunga duka.

Asiyeijua Kariakoo hataelewa uzito wa neno hilo. Duka letu halifungwi siku ya kazi. Lilifungwa alipofariki mkewe, lilifungwa alipofariki kaka yake, lilifungwa siku moja kwa ajili ya mama yangu, na mpaka leo namshukuru. Mtaa ukiona mlango wa chuma umeshuka saa tatu asubuhi, watu wanaanza kuulizana nani amekufa, na kabla ya saa tano wameshaanza kuchangishana. Nikamwambia hivyo. Nikamwambia watu watakuja na pole zao, watakuta hakuna msiba, tutachekwa mwezi mzima.

"Wacheke," akasema. "Mimi mlango huu nimeushusha kwa ajili ya wafu tu. Mara moja nishushe kwa ajili ya mtu aliye hai."

"Na hospitali wakikuuliza wewe ni nani yangu?"

"Nitasema ndugu. Wakitutazama rangi wakaona hatufanani, wabishe wenyewe."

Hivyo ndivyo nilivyopanda ngazi leo, taratibu, nikipumzika kila ghorofa, na kipande cha boksi la zipu kwenye mkoba. Kesho nitampa daktari. Na nitamwambia kijitabu kile kinahitaji kusahihishwa. Saa nane mchana, natafuta vifungo vya lulu: ulikimbia, nilishuka kwenye kigoda, niliogopa. Jioni, nakula peke yangu: ulikimbia sana, nilidhani ndiyo mwisho, sikuwa na wa kumwita. Sijui ataniambia nini. Huenda ni vile vyumba vya juu na dawa ya kila siku, huenda ni kitu kingine, huenda nitavalishwa mashine tena. Nitaogopa vile vile. Sitajifanya jasiri kwenu, mko kumi na moja tu.

Ninachokifikiria kuliko majibu ni yule muuguzi. Kesho itabidi nimwombe ile fomu. Nitamkata Mwanaisha kwa mstari mmoja, maskini, hakuwahi kuniudhi. Sijui kama ataniona kichaa au ameshaona wengi kama mimi. Kuna akina Mwanaisha wangapi kwenye mafaili yale?

Naona mlinzi amewasha redio yake. Adhana ya Magharibi haiko mbali, ngoja niliwashe jiko kabla.

Simu kubwa imetetemeka. Ni Zuhura. Kila jioni saa hizi, mtoto akishalala, huniandikia maneno mawili, "Umeshindaje mama?" Na kila jioni najibu neno moja. Nimejibu hivyo mara nyingi mpaka simu imejifunza. Hapa ninapoandika naliona limejileta lenyewe chini ya ujumbe wake, linasubiri niliguse tu kwa kidole. Salama.

Sijaligusa. Namwona mama chumbani mwake na ulimi wake mzito, na mimi mlangoni nimeshika mkoba.

Nimeandika hivi, herufi kwa herufi: "Sijashinda vizuri, mwanangu. Nina shida ya moyo. Na kuna jambo la bibi yako sijawahi kukuambia. Usipande basi. Nipigie."

Nimetuma. Vimetokea vile vialama viwili. Vimegeuka bluu. Manyunyu yamekatika, nasikia maji ya mabati yakidondoka kwenye ndoo ya mtu.

Inaita.

Safari hii napokea mimi.